Mafundi Wasiozoea

Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo endeshi wa Linux, una toleo moja ambalo halijawahi kutangazwa rasmi na halitatangazwa kamwe. Linaitwa sid. Majina ya matoleo ya Debian hutolewa kwenye filamu ya katuni ya Toy Story, na Sid ndiye yule mtoto mtukutu wa nyumba ya jirani, hodari wa kuvunja vitu vya kuchezea. Jina limepata mwenyewe. Kila programu mpya huingia kwanza humo, na humo ndimo mambo huvunjika. Programu ikikaa siku chache bila kuripotiwa kasoro kubwa, kwa kawaida siku 5, au 2 ikiwa ya haraka, au 10 isiyo na haraka, hupanda hadi kwenye tawi la majaribio. Tawi hilo nalo huiva kwa takriban miaka miwili, kisha hugandishwa, yaani hakiingii kitu ila marekebisho, mpaka siku litakapoitwa imara. Ndivyo zilivyotoka Debian 12 mnamo Juni 2023 na Debian 13 mnamo Agosti 2025.

Lakini siku hizo 5 si dawa. Programu inaweza kukaa mwaka mzima humo na kasoro yake isijulikane, kama hakuna anayeitumia. Kinachoisafisha ni watu waliokubali kufanyia kazi zao za kila siku kwenye mfumo endeshi ambao bado haujapoa, na ambao, tofauti na sisi wengine, hawazoei.

Sisi tunazoea upesi mno. Kompyuta ikichelewa kufungua faili tunasema leo mtandao mbovu, hata kama faili lenyewe liko kwenye diski. Spika ikigoma, tunazima na kuwasha. Zima-washa ndiyo tiba yetu ya kila ugonjwa, na kwa kuwa mara nyingi inaponya, hatuulizi ulikuwa ugonjwa gani. Mazoea yana taabu, walisema wazee. Fundi wa majaribio hazimi kwanza. Anaandika alichokiona, saa ngapi, baada ya kufanya nini, ndipo anazima.

Ustadi wake huanza kabla hata ya kusakinisha. Faili dogo la kusakinishia Debian halifiki gigabaiti moja, bando la kawaida hulimudu. Mwenye pupa akishalipakua huliandika kwenye flashi papo hapo. Fundi hulikagua. Faili huja na alama yake ya utambulisho, mfuatano wa herufi na tarakimu 64, naye huiamuru kompyuta yake ikokotoe alama kutoka kwenye faili alilolipata. Zisipolingana, faili liliharibika njiani, au kuna mkono wa mtu, na kasoro yoyote atakayoikuta baadaye haitakuwa na maana kwa yeyote.

Halafu flashi. Anaandika lsblk, mashine inamworodheshea diski zake: sda ya gigabaiti 500, sdb ya gigabaiti 16. Hiyo ya pili ndiyo flashi. Amri ya dd, inayoliandika faili kwenye flashi, haimuulizi mtu kama ana hakika. Ukiiandikia sda mahali pa sdb itaanza kuandika juu ya diski yako kuu, kwa utiifu wote, palipo na picha za harusi na hesabu za kikoba. Nimewaona mafundi wa siku nyingi wakiisoma herufi hiyo moja kwa sauti, kidole kikiwa juu ya skrini, kabla ya kubonyeza Enter.

Usakinishaji wenyewe hauna mengi. Lugha, saa, nenosiri, mgawanyo wa diski. Kubonyeza “endelea” hakuhitaji ufundi. Fundi wa majaribio hupita njia ambazo wengi hawapiti. Anachomoa waya wa mtandao katikati ya safari. Anachagua diski ifungwe kwa nenosiri. Anaweka mfumo mpya kando ya ule wa zamani aone kama yote miwili itawaka. Anafunga kifuniko cha laptopu, anaiacha ilale, anaifungua aone kama sauti na waifai vimeamka pamoja nayo. (Waifai ndiyo yenye usingizi mzito, hasa kwenye laptopu za mtumba.)

Ila kazi kubwa ni ripoti. “Waifai haifanyi kazi” si ripoti, ni lalamiko. Ripoti husema hivi: nikiiamsha mashine kutoka usingizini waifai haionekani, hutokea kila mara, kadi ni ya aina hii, haya ndiyo maneno ya mwisho ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), na kwenye kerneli iliyotangulia haikutokea. Kipande hicho cha mwisho kina thamani ya dhahabu. Mtengenezaji akijua toleo lililokuwa zima na toleo lililougua, anaweza kuyagawa nusu kwa nusu mabadiliko yaliyo baina yake. Yakiwa 1,000, majaribio 10 hivi yanamfikisha kwenye badiliko lenye kosa.

Na hatari ipo, tusidanganyane. Mwanzoni mwa 2021 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alitoa toleo la kwanza la majaribio la kerneli ya Linux 5.12. Ikabainika kwamba kwenye mashine zinazotumia faili la swapu (nafasi ya diski ya kusaidia kumbukumbu ya kompyuta), kerneli hiyo ilikuwa ikiandika mahali pasipo pake kwenye diski na kuharibu data. Torvalds akalibadili jina kwa kulibandika neno la kuonya watu wasilitumie kabisa. Baadhi ya waliolipata mapema walikula hasara. Ndiyo maana fundi mwenye akili hujaribu kwenye mashine ya akiba, na nakala za kazi zake ameziweka pengine.

Mfano mkubwa wa macho yasiyozoea ulitokea Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, hakuwa hata akiichunguza sid. Alikuwa akipima kasi ya kazi yake mwenyewe juu yake. Akaona kuingia kwenye mashine kwa ssh kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Nani kati yetu angeihesabu? Yeye alifuata uzi hadi ndani ya maktaba ya programu ya kubana mafaili iitwayo xz, na tarehe 29 mwezi huo akautangazia ulimwengu kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yamefichwa mlango wa nyuma, wa kumwezesha mwenye ufunguo wake kuamrisha seva za watu. Aliyeupenyeza, kwa jina la Jia Tan, alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani kwa kuchangia mradi huo. Mlango ulikuwa umekwisha kufika sid na matawi mengine ya majaribio. Debian imara haukuifikia. Watengenezaji wa mfumo wa Ubuntu nao waliahirisha beta ya 24.04 kwa wiki moja ili wajenge programu zao upya.

Macho pekee hayatoshi pasipo masikio ya upande wa pili. Oktoba 2018 Microsoft walitoa sasisho la Windows 10 lililofuta nyaraka za baadhi ya watumiaji, wakalazimika kulisimamisha ndani ya siku chache. Baadhi ya waliolijaribu kabla walikuwa wameripoti jambo hilohilo, ila ripoti zao zilipata kura chache zikazama. Baadaye kampuni iliongeza mahali pa kueleza uzito wa tatizo. Hesabu ya kura, kwa maoni yangu, haijawahi kuwa kipimo cha ukweli wa ushahidi.

Kuna kona moja ya kazi hii ambayo hatutafanyiwa na mtu. Mifumo ya Linux ina mipangilio ya Kiswahili ya nchi mbili, sw_KE na sw_TZ, inayoamua tarehe, majina ya miezi na fedha ziandikweje. Fundi wa Helsinki au Tokyo hawezi kujua kama jina la siku limekosewa, au kama neno lililo kwenye kitufe ni Kiswahili cha watu au cha mashine. Sisi tungeona mara moja, lakini wengi wetu tumeshazoea menyu za Kiingereza.

Debian 14, iliyopewa jina la forky, iko kwenye tawi la majaribio sasa. Kama una laptopu kuukuu isiyo na kitu cha thamani ndani yake, isakinishie, kisha uiwekee mipangilio ya sw_KE au sw_TZ, uitumie kuandikia barua na hesabu zako. Ukikutana na kitu kisichokaa sawa, fungua reportbug, programu ya kutuma ripoti, uandike kabla hujazima.