Jumba la Shan na Jukwaa Lake

Mgeni ashukaye hapa Kolandoto huja kwa ajili ya hospitali, iliyoanzishwa mwaka 1913, au kwa ajili ya chuo kilicho karibu nayo. Hatujapata kumwona ajaye kutazama sinema. Basi mwaweza kutuuliza kwa nini twaandika habari za jumba la sinema la Nairobi. Sababu yetu ni kwamba jumba hilo lilijengwa kwa ajili ya picha, kisha likapewa watu walio hai wacheze ndani yake. Na sisi watu wa Usukuma tunacho kipimo cha zamani cha kupimia mchezo, nacho twapenda kukitumia leo.

Wasomaji wa huku wanakijua kipimo hicho, lakini wa mbali yafaa tuwaeleze. Baada ya mavuno Wagalu na Wagika hushindana kwa ngoma. Husimuliwa kwamba vyama hivyo viwili vilitoka kwa waganga wawili, Gumha na Ngika, walioshindana kwa dawa kabla wafuasi wao hawajashindana kwa kucheza. Makundi mawili hucheza saa ile ile, katika uwanja ule ule, yameachana kidogo tu. Watazamaji hawana viti wala tiketi. Kundi likiwapendeza husogea kwake. Wakichoka huvuka kwenda la pili. Lenye watu wengi ndilo lililoshinda, wala hapana wa kubisha, maana hukumu yenyewe imesimama pale kwa miguu yake. Kwa hiyo mchezaji hana budi kuyaangalia macho ya watu muda wote. Akiona wanaanza kupungua hubadili wimbo, huongeza kichekesho, au huleta jambo jipya ambalo wenzake walilificha mwaka mzima; na Wayeye, wao hufungua kikapu wakamtoa chatu.

Sasa fikirini sinema. Picha haiwaoni watazamaji. Mwaweza kucheka, mwaweza kulia, mwaweza hata kutoka nje nyote, nayo itaendelea kucheza mbele ya viti vitupu mpaka mkanda uishe.

Hata hivyo picha ilitufuata vijijini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misioni, kwa fedha zilizotolewa na shirika la Carnegie la Marekani, lilianza jaribio la kutengeneza picha kwa ajili ya Waafrika. Makao ya kazi yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Meja L. A. Notcutt. Zilitengenezwa picha zipatazo 35, zenye mafundisho juu ya kilimo, afya, kodi, na kuweka akiba posta, zikachukuliwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, na nchi ziitwazo leo Malawi na Zambia. Sauti ilitiwa katika sahani za santuri, mbali na mkanda wa picha, ili lugha iweze kubadilishwa kila walikofika. Huo ulikuwa werevu, nasi twausifu. Walakini mwaka 1937 jaribio lilikwisha, na twaona kwamba tangu mwanzo lilikuwa na upungufu mmoja: mwanakijiji aliyeonyeshwa namna ya kuotesha mbegu, naye ameotesha tangu utoto wake, hakuwa na njia ya kuijibu picha. Alitazama, taa ikazimwa, lori likaondoka.

Mjini mambo yalikwenda kwa njia nyingine, tena kwa mzunguko wa kushangaza. Nairobi ilianza na jukwaa. Theatre Royal ilijengwa mwaka 1912, wakati mji ulipokuwa bado mchanga, na michezo ikachezwa humo na watu. Baadaye ikageuzwa kuwa sinema, ikaitwa Cameo. Picha ilikuwa na faida zaidi, maana mkanda hauli wala haulali, wala haudai mshahara mwisho wa juma. Basi majumba ya sinema yakaongezeka, katikati ya mji na katika mitaa ya pembeni.

Mmoja wa mitaa hiyo ni Ngara, ulio ng'ambo ya mto wa Nairobi ukitoka katikati ya mji. Wakati wa ukoloni watu wa Nairobi walikaa kwa kutengwa kwa rangi: Wazungu juu penye miti na upepo, Waafrika mashariki katika nyumba finyu, na Waasia katika mitaa kama Ngara. Sinema ya mtaa huo ilikuwa Shan, nayo ilionyesha picha za Bara Hindi. Kila aliyekaa katika miji ya Afrika Mashariki siku zile anakumbuka jinsi picha hizo zilivyopendwa. Ndefu kupita kiasi, zenye nyimbo nyingi na machozi mengi, zilipendwa hata na Mwafrika asiyejua neno moja la Kihindi. Aliukariri wimbo wote, akauimba barabarani siku ya pili. Jamaa nzima za Waasia zilikwenda pamoja, nyanya na mjukuu, na penye lango la sinema ndipo habari za mtaa zilipopashwa. Tusidharau jambo hilo. Sinema ya mtaa haikuwa mahali pa picha tu, ilikuwa baraza.

Kisha baraza ikavunjika. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara, na Waasia wengi wasio raia wakafunga mizigo. Hata waliobaki, wengi wao walihama Ngara wakaenda mitaa mingine. Katika miaka ya 1980 zikaja kanda za video, na mtu akaweza kuitazama picha ile ile kitini pake nyumbani, bila tiketi na bila baridi ya usiku. Majumba makubwa yakabaki na popo. Mengine yakawa maduka. Norman ya Kampala ikawa kanisa, na mpaka leo watu huabudu humo. Majestic ya Zanzibar, iliyojengwa upya mwaka 1955 baada ya ile ya kwanza kuungua, ilifungwa, na paa la ukumbi wake likaanguka.

Shan ilipata bahati nyingine. Mwaka 2001 ilianzishwa huko Nairobi taasisi iitwayo Sarakasi Trust, waanzilishi wake wakiwa Marion na Rudy van Dijck kutoka Uholanzi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana, wengi wao wa mitaa ya maskini, michezo ya viungo na kucheza dansi, wapate riziki kwayo. Miaka michache baadaye, kwa msaada wa Waholanzi, taasisi hiyo ililinunua jumba la Shan, likaitwa Sarakasi Dome. Mahali palipokuwa na kiwambo cheupe pakawa na jukwaa.

Neno lenyewe sarakasi si geni kwetu. Serikali ya Tanzania ilipeleka vijana China wakajifunze mchezo huo, na mwaka 1969 kikaundwa kikundi cha sarakasi cha taifa. Walirudi wakipanda juu ya mabega ya wenzao kama ngazi, watoto wa shule wakawaiga mpaka wakavunjika mikono. Walimu wenzetu wa zamani watalikumbuka hilo bila furaha. Lakini kikundi cha taifa hakikudumu, wala hakikuacha nyuma yake ukumbi mmoja ambao wacheza sarakasi wangeweza kuuita wao.

Tukilipima jumba la Shan, sifa yake ya kwanza ni kwamba lilimpa mchezaji sakafu na paa la kudumu. Asiyecheza hawezi kujua thamani ya kitu hicho. Kijana anayejifunza kuruka penye vumbi na mawe hujifunza woga pamoja na kuruka. Na mvua ikinyesha hajifunzi lolote. Sifa ya pili ni mahali lilipo. Ukumbi wa Taifa wa Kenya ulifunguliwa mwaka 1952 wakati wa wakoloni, na hata baada ya uhuru wenyeji walilalamika kwamba umekaa kama nyumba ya wageni. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walipotaka kuonyesha humo mchezo wao juu ya Dedan Kimathi walipewa siku chache tu, huku michezo ya kigeni ikiwa na nafasi yake. Ngara ni mtaa wa matatu, wa wauza viatu na wauza chai. Mtu hapaswi kuvaa tai ili aingie.

Baada ya sifa tuseme na lawama, maana jumba la sinema si rahisi kuligeuza. Limejengwa kwa ajili ya nuru moja itokayo nyuma ya watazamaji na kugonga ukuta wa mbele. Ukuta huo huwa karibu na mwisho wa jengo, kwa kuwa picha haina kina; nyuma yake hapana chumba cha mchezaji kubadili nguo, wala pembeni hapana mahali pa kujificha akingoja zamu yake. Sakafu ya watazamaji huteremka, na viti hutazama upande mmoja tu. Ukimweka mtu hai mahali pa picha bila kubadili mengine, naye huanza kucheza kama picha: bapa, akiwatazama watu wa mbele tu, akingoja makofi mwishoni. Hatari hii haiko Ngara peke yake. Iko katika kila jumba la namna hiyo, na sarakasi, kwa kuwa hupendeza macho upesi, yaweza kuangukia humo kuliko maigizo.

Hapo ndipo kipimo chetu cha Usukuma kinapotukumbusha mahali pengine, Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, mwendo mfupi kutoka Nairobi. Mwaka 1977 wanakijiji wa huko, wakulima na vibarua, walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi, usio na paa, wakacheza mchezo wa Kigikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yao hayakufichwa. Kila apitaye aliweza kukaa, akasikiliza, akasema: hapa sivyo, mzee hasemi hivi. Na waandishi walikubali kusahihishwa. Baada ya majuma machache serikali iliuzuia mchezo, na mwaka 1982 askari waliubomoa ukumbi wenyewe. Twakiri kwamba ukumbi wenye paa la saruji na hati ya kununuliwa haubomolewi kwa asubuhi moja. Lakini Kamĩrĩĩthũ mtazamaji aliweza kujibu. Nasi hatujui kipimo kingine kilicho bora kuliko hicho.

Na kwetu Tanzania je? Aibu yetu ni ya namna nyingine. Katika miaka ya 1980 na 1990 Dar es Salaam ilijaa vikundi vya michezo ya jukwaani, na vilivyovuma zaidi vilikuwa Muungano na, kuanzia mwaka 1992, Tanzania One Theatre chini ya Kapteni John Komba. Ngoma, sarakasi, kichekesho, maigizo, taarabu, vyote vilichezwa jioni moja. Vilichezwa wapi? Zaidi vilabuni, katika nyua za baa za mitaa ya pembeni, mwenye baa akiuza bia kati ya mchezo na mchezo. Sisi tulio wazazi na walimu tumezoea kuwalaumu wachezaji kwa ajili hiyo. Lawama hiyo si ya haki yote. Majumba ya sinema yalikuwapo katika mji huo, mengine yakizeeka bila watu, wala hakuna aliyewapa wachezaji ufunguo. Mwenye baa ndiye aliyewafungulia.

Na ngoma waliyoipenda sana humo ilikuwa yetu: bugobogobo, ngoma ya majembe. Yenye kuchezwa shambani kwetu mchana kutwa, kazi na wimbo vikisukumana, huko ilikatwa ikawa ya dakika chache, ikafuatwa na kichekesho. Twasema wazi kwamba hatukuupenda mkato huo, ingawa vijana wetu waliouona mjini walirudi wakijivuna. Kuigiza kulima bila jasho la kulima ni nusu ya ngoma.

Pamoja na hayo, tungepewa kuchagua kati ya ua wa baa na jumba kama la Shan, tungechagua jumba. Ila twauliza habari za gharama. Lililonunuliwa kwa msaada wa ng'ambo laweza kusimama siku msaada ukipungua? Ukumbi hutaka rangi, bati, umeme na mlinzi. Ukitakiwa kujilipia wenyewe, hukodishwa kwa yeyote mwenye fedha, leo arusi, kesho mkutano, na mwenye jukwaa hungoja nje ya mlango wake mwenyewe. Huko Bujora, karibu na Mwanza, padre David Clement alipoanza kazi ya kuhifadhi mambo ya Wasukuma katika miaka ya 1950, ngoma aliziachia uwanja. Na kila mwaka, mwezi wa Juni, katika sikukuu ya Bulabo, vikundi vimekuja kushindana hapo chini ya mbingu. Uwanja hauhitaji bati. Lakini kijana wa sarakasi hawezi kufanya mazoezi uwanjani mwezi wa Machi, wakati wa masika.

Wenye kutaka kujenga ukumbi katika miji yetu, iwe Shinyanga au Kahama au Geita penye dhahabu, tungewaomba kwanza wapime urefu wa dari kwa jembe la bugobogobo lililorushwa juu. Kisha waziache kuta mbili bila viti, na milango mipana pande zote mbili, ili mtu aliyechoka aweze kuondoka bila kukanyaga magoti ya jirani, na mchezaji, akiwa bado jukwaani, amwone akiondoka.