Kipaza Sauti Kimoja, Vyombo Vitatu

Maonyesho ya sauti na mwanga, ambayo husimulia usiku historia ya mahali kwa msaada wa mitambo, yalianzia katika kasri la Chambord, Ufaransa, mwaka 1952, yakafika kwenye mapiramidi ya Giza, Misri, mwaka 1961. Tangu hapo ufundi huo umeenea katika bustani za burudani na vivutio vya watalii duniani. Karagwe na Kyerwa hazikosi mahali pa kuustahili. Pana Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Tena pana Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizotangazwa mwaka 2019. Swali letu si la fedha wala la mitambo. Je, fundi wa Kayanga au Nkwenda akikabidhiwa kazi hiyo, istilahi zetu zitamwongoza au zitampoteza?

Tuanze na neno tunalolionea fahari, yaani kipaza sauti. Msomaji wa habari husema mbele ya kipaza sauti. Adhana hutoka katika vipaza sauti vya msikiti. Na sanduku lililo kati ya vyombo hivyo viwili nalo huitwa kipaza sauti. Hata hivyo kazi zake ni tatu tofauti. Cha kwanza hugeuza sauti kuwa umeme. Cha pili huukuza umeme huo. Cha tatu huugeuza umeme kuwa sauti tena. Kwa kweli cha kwanza hakipazi chochote. Kinapokea tu.

Kasoro hii si ya wanazuoni peke yao. Chombo cha kwanza kikikaribia cha tatu, sauti huzunguka na kukuzwa tena na tena mpaka ikawa mluzi wa kuumiza masikio. Dawa yake ni kuvitenganisha. Kwa istilahi yetu, agizo litakuwa: “Ondoa kipaza sauti mbele ya kipaza sauti.” Hapo mwanafunzi atacheka, na ana haki. Lakini akiambiwa, “Fungua kipaza sauti ukisafishe,” hapana budi tuogope. Kufungua cha kwanza kwa kawaida hakumdhuru mtu. Kufungua cha pili kwaweza kumwua, kwa maana kapasita zake huweza kushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Neno lisilotofautisha hatari na usalama halijawa istilahi, hata kama ni Kiswahili safi.

Mafundi mitambo wanaokodiwa kwa harusi na mikutano wamekwisha kulitatua jambo hili bila kutungoja. Wao husema maiki, amplifaya na spika. Wako watakaolalamika kwamba maneno haya ni ya kigeni, na kwamba Spika ni mkuu wa Bunge. Malalamiko hayo hayana uzito. Sarufi yenyewe inatenga: Spika amesimama, spika imeungua. Twapendekeza basi maikrofoni, kikuza sauti na spika. Kipaza sauti kibakie katika lugha ya kawaida, kisiingie katika vitabu vya ufundi.

Isidhaniwe kwamba twatetea ukopaji wa kila neno. Kiwambo, kwa mfano, ni neno bora. Latokana na kuwamba, na aliyeona ngozi ikiwambwa juu ya ngoma hahitaji maelezo ili aelewe kitambaa kinachopokea picha kutoka kwenye projekta. Lakini kulilazimisha neno hilo kwa televisheni si vyema, maana pale hapakuwambwa kitu, na watu husema kioo. Kiwambo kiwe cha kitambaa, na kioo kiwe cha televisheni.

Kwa upande wa taa, adui ni tafsiri ya neno kwa neno. Anayefuata Kiingereza kwa utiifu, akitaka kuitaja taa inayoangaza eneo pana, atapata “taa ya mafuriko”. Mkazi wa Murongo, kando ya Mto Kagera, atadhani ni taa ya kuonya kwamba mto umefurika. Taa ya kuangaza pote na taa ya kulenga ni majina marefu kidogo, lakini yaeleza kazi, nayo hayamtishi mtu.

Kosa letu, kwa hiyo, si uchache wa maneno. Tumezoea kutafuta jina kabla ya kukitazama chombo na kuuliza kinafanya nini. Kabla ya orodha yoyote ya ufundi huu kusanifishwa, ipelekwe kwanza kwa mafundi wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, nao wapewe maagizo kumi yaliyoandikwa kwa maneno yetu. Agizo litakalowafanya washike chombo kisichokusudiwa, neno lake na lirudi mezani.