Dakika ya 80 Pale Wembley

Katika mambo yote aliyotendewa Mbwana Samatta na walimu wa kandanda tangu alipotoka Mbagala, hakuna lililokosa hoja kama lile la Jumapili ya tarehe 1 Machi 2020, katika fainali ya Kombe la Ligi ya Uingereza, pale Dean Smith, mwalimu wa Aston Villa, akiwa nyuma kwa magoli mawili kwa moja mbele ya Manchester City, akiwa amebakiwa na dakika kumi za kuokoa fainali, na akiwa na mtu mmoja tu uwanjani aliyekwisha kumfunga Claudio Bravo siku ile, alipoamua kumtoa mtu huyo huyo na kumwingiza Keinan Davis. Nasema mapema, ili nisionekane kuzunguka: lilikuwa kosa dhahiri, lisilo na udhuru, na ndani yake mmejumuika makosa mengine yote ambayo klabu ile ilimfanyia mshambuliaji yule kwa muda wa miezi isiyofika tisa.

Mlioutazama mchezo mnajua jinsi mambo yalivyokuwa. Agüero alifunga dakika ya 20, Rodri akaongeza kwa kichwa dakika ya 30 kutokana na kona ambayo mpaka leo nashikilia kuwa haikuwa kona, nayo mitambo ya video, iliyoletwa kwa mbwembwe zote zile, haikuwa na ruhusa ya kuitazama. Kisha ikaja dakika ya 41. John Stones aliteleza, Anwar El Ghazi akapata nafasi, na kwa mara moja katika msimu wake, badala ya kuuvuta mpira ndani na kuusogeza na kuufikiria, akaumwaga mapema, walinzi wakiwa bado wanarudi huku wamelitazama lango lao wenyewe; na Samatta, ambaye alikwisha kuanza mwendo wake kabla mguu wa winga haujaugusa mpira, akajitupa mbele na kuupiga kwa kichwa, ukampita Bravo. Hapakuwa na la ziada katika goli lile: krosi ya mapema, mtu anayekuja kwa kasi akilielekea lango, na kichwa. Ndiyo kandanda tuliyofundishwa.

Sasa na tuipime hukumu ya dakika ya 80 kwa mizani ya haki. Villa haikuwa na njia ya kupenya katikati, maana pale alitawala Rodri, na hata Jack Grealish alipofika alikuta miguu mitatu inamngoja. Njia iliyobaki ilikuwa ya pembeni na ya juu: krosi, mipira ya adhabu, na kona. Timu iliyobakiwa na njia ya juu peke yake humhitaji nani? Hata mtazamaji asiyeujua mchezo huu hata kidogo angejibu kwamba humhitaji mtu wa kichwa. Basi mtu wa kichwa akatolewa, akaingizwa kijana mwenye kifua kipana, hodari wa kuupa mpira mgongo na kuukinga, ambaye msimu ule mzima hakufunga goli hata moja la ligi. Simlaumu Davis, kwani hakujiingiza mwenyewe. Lakini kuukinga mpira ni kazi ya timu inayoongoza na kutaka dakika zipite, na Villa siku ile dakika zilikuwa adui yake.

Wapo waliosema Samatta alikuwa amechoka. Yawezekana, alikuwa ametoka Ubelgiji mwezi wa Januari, katikati ya msimu, na mbio alizotumwa kuwafukuza mabeki wa City kwa saa nzima na ushei zingemchosha farasi. Lakini uchovu wa miguu si uchovu wa akili ya kusimama mahali pake, na mshambuliaji wa eneo la hatari aliyechoka bado ni khatari kuliko mkingaji mpira aliye mzima. Fauka ya hayo, hapakuwa na sheria iliyomlazimu Smith kuchagua mmoja kati ya hao wawili. Alikuwa na mabeki wanne. Mwalimu anayepoteza fainali angemtoa beki mmoja, akawaweka wote wawili mbele, Davis aushushe na Samatta aumalizie, akafungwa la tatu kama ni la kufungwa, maana kupoteza kwa mawili kwa moja na kupoteza kwa matatu kwa moja ni kupoteza kule kule.

Na kilichofuata mwakikumbuka. Mwisho kabisa wa mchezo ikapatikana kona, Björn Engels akaruka na kuupiga kwa kichwa, Bravo akaunyooshea mkono, ukagonga mlingoti. Sisemi kwamba Samatta angekuwapo angefunga. Nasema kwamba ulikuwa mpira wa aina ile ile aliyozaliwa nayo, katika eneo lile lile, na mwenyewe alikuwa amekaa nje amevaa koti. City wakachukua kombe lao la tatu mfululizo.

Ushahidi alikuwa nao Smith mkononi, kama angependa kuutazama. Tarehe 5 Novemba 2019, akiwa na Genk ya Ubelgiji, Samatta aliifunga Liverpool pale Anfield kwa kichwa kutokana na kona ya Bryan Heynen. Tarehe 1 Februari 2020 akaifunga Bournemouth katika mchezo wake wa kwanza wa ligi, kwa kichwa. Wembley, kwa kichwa. Magoli matatu katika ardhi ya Uingereza kwa muda usiotimia miezi minne, yote matatu ya kichwa, na mtu aliyeyaona yote hayo akamtoa mfungaji katika saa ya mipira ya juu.

Hapa nitalirudia lile ambalo wasomaji wangu wamelizoea, na sitachoka kulirudia maadamu hawajatubu: balaa la mawinga wa siku hizi ni kucheza upande usio wa mguu wao na kukata ndani kila wapatapo mpira, kila mmoja akitafuta goli lake la picha, hata namba tisa akabaki anaanza mwendo, anasimama, anarudi, anaanza tena, na krosi haiji. Pale Genk, ambako alifunga magoli 23 ya ligi katika msimu wa 2018/19, akatwaa ubingwa chini ya Philippe Clement na kupewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora Mwafrika wa ligi ya Ubelgiji, walikuwako Pozuelo, Trossard na Malinovskyi, waliojua wakati wa kuuachia mpira. Pale Villa alikutana na Grealish, ambaye ustadi wake siukatai, lakini kila shambulio lilipitia kwake, na kila lilipopitia kwake lilipunguza mwendo. Mshambuliaji anayeishi kwa mpira wa mapema alipelekwa katika timu ya mpira uliochelewa, kisha akahukumiwa kwa taksiri isiyo yake: michezo 14 ya ligi, goli 1, na ifikapo Septemba safari ya Fenerbahçe, hali mkataba aliotia sahihi Januari ulikuwa wa miaka minne na nusu. Mahali pake Villa ilimnunua Ollie Watkins. Ununuzi ule ulikuwa mzuri.

Ya TP Mazembe, alikokuwa kabla ya Genk, sina haja ya kuyaeleza: mfungaji bora kwa magoli 7 katika mashindano ya Klabu Bingwa Afrika ya 2015, kombe lenyewe, na tuzo ya mchezaji bora wa ndani ya Afrika.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila mbao za sumaku na vitabu vya hesabu. Abdallah Kibadeni wa Simba alipowafunga Yanga magoli matatu katika ile sita bila ya Julai 1977, alifunga akiwa ndani, mahali pake, na hakuna aliyemwuliza amekimbia maili ngapi. Na mwaka 1979, Taifa Stars ilipokuwa nyuma kwa goli moja mbele ya Zambia pale Ndola, na sare ikitosha kutupeleka Lagos, Peter Tino alibakizwa uwanjani, naye kuelekea mwisho wa mchezo akasawazisha, na kwa goli lile Tanzania ikaingia Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980 kwa mara ya kwanza katika tarikhi yake. Miaka 39 ilipita kabla ya nahodha Samatta kutupeleka tena, huko Misri mwaka 2019, na hata kule alifunga dhidi ya Kenya pamoja na mzigo wote wa kushuka katikati kuufuata mpira ambao viungo hawakuweza kuufikisha.

Wanaodhani kwamba nazungumza ya zamani yaliyopitwa na wakati, nawaelekeza San-Pédro, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, tarehe 21 Januari 2024, siku iliyotuumiza sote. Tuliongoza mbele ya Zambia tangu dakika ya 11, pasi ya Samatta na goli la Simon Msuva, na kabla ya mapumziko wao wakabaki kumi baada ya Roderick Kabwe kuonyeshwa kadi nyekundu. Avram Grant, mwalimu wao, alikuwa na kila udhuru wa kumpumzisha mshambuliaji wake, kuujaza uwanja wa kati na kukubali kushindwa kwa heshima. Hakufanya hivyo. Patson Daka alibaki pale mbele, akiwa peke yake na mpira haumfikii, mpaka dakika ya 88, ilipopigwa kona na Clatous Chama, ambaye mguu wake Simba wanaujua kuliko mtu mwingine yeyote, Daka akaruka, na kichwa kikaingia nyavuni.