Umri kwa Upatanisho wa Kisarufi: Udogo wa Aki na Ukwa katika Masimulizi ya Kiswahili

Mwaka 2002, mwaka uleule Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, ilitoka filamu ya Kinigeria *Aki na Ukwa*. Chinedu Ikedieze alikuwa na umri wa takribani miaka 24 na Osita Iheme miaka 20, nao waliigiza watoto watukutu. Hakuna kompyuta iliyowapunguza. Kilichofanya kazi ni kimo chao, mavazi ya kitoto, na waigizaji warefu wanaowakaripia kama wazazi.

Udogo huu ni wa kiuhusiano: anayemfanya Iheme kuwa mtoto ni mtu mzima anayemwinamia. Teknolojia ghali haikulifahamu vema jambo hilo. Katika *The Irishman* (2019) uso wa Robert De Niro, mzee wa zaidi ya miaka sabini, ulirudishwa ujanani kidijitali. Lakini anapompiga muuza duka, miguu inafichua umri ambao uso umeuficha. Kwa Ikedieze na Iheme tatizo ni kinyume. Kiwiliwili kinasadikisha, uso na sauti ndivyo vinavyoweza kuwasaliti.

Hapo ndipo msimulizi wa Kiswahili anapoingia. Krings (2015) ameeleza jinsi wasimulizi wa Tanzania, akiwamo Lufufu, walivyozungumza juu ya filamu za kigeni, wakitafsiri, wakifafanua na kutia chumvi. Sauti ya mwigizaji inafunikwa, na pamoja nayo ushahidi wa utu uzima wake. Kinachobaki ni picha na sarufi ya msimulizi.

Sarufi hiyo haina upole. Msimulizi anaweza kusema “mtoto ameingia”, “kitoto kimeingia” au, kwa Kiswahili cha bara, “katoto kameingia”. Picha ni ileile, ila hadhi inapanda na kushuka. Nomino za KI-VI zinazotaja viumbe hai kwa kawaida huchukua upatanisho wa A-WA: kijana amekuja, kipofu amekuja. Kibete naye amekuja. Akisemwa kuwa “kimekuja”, si kimo kilichopungua bali ubinadamu. Wahakiki wanaoita michezo hii kichekesho tu (nao ni wengi) hupita juu ya swali hili: je, hadhira inamcheka mtoto mjanja aliyewashinda wakubwa, au inamcheka mtu mzima mfupi aliyenyimwa utu uzima? Kamera inaruhusu usomaji wote wawili. Kiambishi cha upatanisho huchagua mmoja.

Mbulu na Hanang zinalipa swali hilo uzito usioonekana Dar es Salaam. Kwa mzungumzaji wa lugha ya Kibantu yenye kiambishi cha ka-, udogo wa namna hii una ndugu nyumbani. Lakini Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatooga ni ya Kiniloti, na Kihadza cha bonde la Yaeda hakijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Kihadza hutumia jinsi ya nomino, ya kike na ya kiume, kubainisha pia umbo na ukubwa wa vitu. Udogo hapo haufungamani na ngeli ya vitu kama kiti na kisu. Kwa hiyo mtazamaji wa Katesh au Haydom aliyekipata Kiswahili kama lugha ya pili hujifunza “katoto” na “kijitu” pamoja na mwelekeo wa anayeyatamka, na ni busara kudhani kwamba masimulizi ya filamu yalikuwa mojawapo ya shule zake.

Uchambuzi wa dhana hii unahitaji kusikiliza kanda zenyewe, hasa pale mtoto wa filamu anapomtapeli mkubwa. Ikiwa msimulizi aliyekuwa akisema “kamekimbia” anahamia ghafla kwenye “jamaa kamaliza kazi”, basi Ikedieze amerudishiwa miaka yake 24 na neno moja, huku kaptura ikiwa bado imemvaa.