Printa iko Tanga, Mwenyewe yuko Dodoma

Wengi wanaotamani kuzifikia faili na printa za nyumbani wakiwa safarini hudhani kwamba ugumu wote umo katika kuficha siri, ilhali kazi hiyo mafundi wamekwisha kuirahisisha, na taabu iliyobaki, ambayo aghalabu ndiyo imlazayo mtu macho, ni taabu ya anwani: nani yuko wapi, na anajulikana kwa nambari ipi. Kadhia ninayoichambua ni ya nyumba yetu ya Tanga, yenye printa ya leza, diski ya nyaraka za jamaa, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iwakayo usiku na mchana, hali mimi mwenye kuvihitaji vitu hivyo nafanya kazi Dodoma.

Iko njia ya mkato ambayo sharti iepukwe, nayo ni kufungua katika ruta mlango nambari 445, utumiwao na huduma ya kugawana faili, ukawa wazi kwa ulimwengu mzima. Mwezi wa Mei 2017 kirusi WannaCry kilienea kwa kupitia kasoro ya huduma hiyo hiyo katika kompyuta za Windows, kikakwamisha hata hospitali za Uingereza. Baada ya hayo sioni udhuru wa mtu kuuacha mlango huo wazi.

Kwa sababu hiyo nilichagua VPN ya WireGuard, kazi ya Jason Donenfeld, iliyoingizwa katika kiini cha Linux toleo la 5.6 mwaka 2020, ikiwa na takriban mistari 4,000 tu ya programu, kadiri ambayo mtu mmoja mwenye subira aweza kuisoma yote. Kila chombo hujitengenezea funguo mbili, mmoja wa siri usiotoka chomboni, na mwingine wa wazi wanaopewa wenziwe. Na ujumbe usiothibitishwa kwa ufunguo unaojulikana haujibiwi kabisa, hata kwa kukataliwa, mithili ya nyumba ambayo mgeni asiyejulikana hupiga hodi asisikie hata kikohozi, akaenda zake akidhani hamna mtu.

Mashaka yalianzia kwenye ruta. Mafungu ya mwisho ya akiba kuu ya anwani za IPv4 yaligawanywa Februari 2011, na kampuni nyingi za intaneti, hususan za simu, huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadhara. Ruta ikionyesha kwamba anwani yake ya nje imo baina ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, basi hapana faida ya kufungua mlango wowote, maana anwani hiyo haifikiki kutoka nje. Wako wanaokodi seva ndogo ughaibuni iwe makutano. Lakini kwa mpangilio uliozoeleka seva hiyo huufungua ujumbe na kuufunga upya, na mwenye seva akawa mshirika wa siri zako bila ya kualikwa. Mimi niliona bora kulipia anwani ya hadhara, kisha mlango mmoja tu, 51820, ukaelekezwa kwenye Raspberry Pi.

Shida ya pili ni ya kugongana. Ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani za 192.168.1, kwa hiyo mtu aketiye hotelini akiitafuta printa ya nyumbani huenda kompyuta yake ikaitafuta mle mle hotelini. Tena printa yenyewe haina habari ya njia yetu ya faragha: ikiulizwa na chombo cha 10.73.0.2, hupeleka jibu kwa ruta, na ruta haijui pa kulipeleka. Nilizimaliza shida zote mbili kwa hila moja: Raspberry Pi ndiyo ishikayo faili kwa Samba na foleni ya kuchapa kwa CUPS, na mimi huzungumza nayo peke yake kwa anwani 10.73.0.1, nayo ndiyo ipelekayo kazi kwa printa, ndani ya nyumba. Kitu kimoja hakina budi kufanywa kwa mkono, nacho ni kuiandika anwani ya printa katika kompyuta ya safarini, kwani matangazo ambayo kwayo printa hujitambulisha hayavuki nje ya mtandao wa nyumbani.

Kuchapa hakuna lawama. Faili ndizo zichoshazo, kwa kuwa Samba huuliza maswali mengi madogo yanayongojeana: folda ikihitaji maswali 60, na kila swali lichukue robo ya sekunde kwenda na kurudi, mtu atangoja sekunde 15 kabla hajaona kitu, hata kasi ya intaneti yake iwe kubwa namna gani. Nyaraka kubwa na zinakiliwe kwanza, zifanyiwe kazi, kisha zirudishwe.

La mwisho, kila chombo kipewe funguo zake, wala zisiazimwe kamwe baina ya simu na kompyuta. Simu ikipotea, ufunguo wake wa wazi na ufutwe katika orodha ya Raspberry Pi siku hiyo hiyo. Vyombo vilivyobaki vitaendelea kufanya kazi bila ya kuguswa.