Hedi Mpya, Tapeti Zinalia: Kelele Ilivyosakwa Kwenye 1HZ

Injini ya 1HZ ikichemsha mpaka hedi ikapasuka, gharama haiishii kwenye kununua hedi nyingine. Land Cruiser "mkonga" yenye injini hiyo, iliyoletwa kwenye gereji moja ya Chamwino, kando ya barabara ya Dodoma–Morogoro, ilikuwa imefungwa hedi mpya kwingine. Ilivuta vizuri, lakini juu ya injini palilia tak-tak-tak. Mwenye gari alishaambiwa pampu ya dizeli imekufa.

Fundi hakuigusa pampu. Alianza kwa kutenganisha mlio wa moto na mlio wa chuma. Injini ikiwa sailensa, alilegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine. Kugonga kunakotokana na dizeli hupotea silinda husika inapokosa mafuta; huku hakukupotea. (Usijaribu hivyo kwenye injini za komoni reli: presha yake hutoboa ngozi.) Akakagua manifodi ya ekzosi, kwani gasketi inayovuja nayo hulia vivyo hivyo; hapakuwa na masizi. Alipofungua kava la valvu, kemshafti ilikuwa imelowa oili, kwa hiyo njia ya oili haikuziba. Kikabaki kipimo cha uwazi.

1HZ ina valvu 12, mbili kwa kila silinda, na tapeti zake hazijirekebishi kwa oili. Uwazi kati ya nundu ya kemshafti na tapeti hupangwa kwa shimu, kisahani cha chuma kigumu kinachokaa juu ya tapeti. Injini ikiwa baridi, inteki inatakiwa kuwa milimita 0.15 hadi 0.25, ekzosi 0.35 hadi 0.45. Fundi alizungusha krenkshafti kwa mkono, ncha ya kila nundu ikatazama juu kwa zamu yake, akapitisha fila geji. Ekzosi moja ilisoma 0.62: ndiyo iliyokuwa inalia. Nyingine, iliyokuwa kimya kabisa, ilisoma 0.20.

Chanzo kilikuwa shimu zilizohamishwa kutoka hedi ya zamani. Unene wa shimu hufuata kina cha kiti cha valvu: valvu ikizama zaidi, shina lake hupanda na uwazi hupungua. Hedi ikibadilika, vipimo vyote vya zamani vimekufa.

Hesabu yake ni nyepesi: chukua unene wa shimu iliyopo, jumlisha uwazi uliopimwa, toa uwazi unaotakiwa. Kwa ekzosi, 2.70 + 0.62 − 0.40 ni 2.92; shimu ya 2.90 inatosha na huacha 0.42. Ile ya kimya ilikuwa na 2.90, ikihitaji 2.70. Shimu mbili hizo zikabadilishana nafasi, bila kununua kitu.

Hiyo ya kimya ndiyo iliyokuwa hatari. Shina la valvu ya ekzosi hurefuka kwa joto. Uwazi ukiisha, valvu haifungi barabara, haipitishi joto lake kwenye kiti, nayo huungua. Fundi anayefuata sikio lake peke yake angeirekebisha inayolia na kuiacha inayoelekea kuungua. Kwa hiyo, kabla ya kulipia kazi ya hedi, mwenye gari adai karatasi yenye vipimo vya valvu zote 12.