Nukta Nyekundu Iliyovuliwa Jina: Uhakiki wa Mchezo wa Video Cool Spot (1993)

Ikisiri

Makala hii inahakiki Cool Spot, mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Virgin Games mwaka 1993, ambao mhusika wake mkuu ni kikaragosi wa chapa ya soda ya 7 Up. Inadai kwamba mchezo huu ni kazi nzuri ya sanaa, na kwamba uzuri huo hasa ndio unaoufanya uwe suala la sera. Hoja imejengwa juu ya ulinganisho wa matoleo mawili: la Marekani, lililobeba jina la soda, na la Ulaya, ambamo jina hilo liliondolewa.

Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea maandishi na, kwa kiasi fulani, filamu na muziki. Michezo ya video imeachiwa walimu wanaolalamika na wazazi wanaofungia simu kabatini. Mchezo wa video uliotengenezwa ili kuitangaza soda umeachwa mbali zaidi, kwani inadhaniwa kwamba kazi iliyoagizwa na mfanyabiashara haina la kuhakikiwa.

Dhana hiyo haiendani na historia ya fasihi yetu. Inafahamika kwamba Utendi wa Tambuka ulitungwa kwa ombi la mtawala wa Pate, na ngonjera za Mathias Mnyampala zilibeba ujumbe wa Azimio la Arusha bila kuuficha. Hatuziachi kazi hizo kwa sababu zilikuwa na mwagizaji au kusudi. Huuliza mtunzi alifanya nini ndani ya agizo hilo. Swali lilo hilo linaweza kuulizwa kuhusu Cool Spot, ingawa jibu lake, kama tutakavyoona, halimwachi mwagizaji salama.

Nukta ilikotoka

Soda ya 7 Up iliundwa na Charles Leiper Grigg mjini St. Louis mwaka 1929. Tangu mwaka 1967 ilitangazwa Marekani kwa neno moja la kubuni, Uncola, yaani kinywaji kisicho kola, na katika miaka ya 1970 Geoffrey Holder, mcheza dansi na mwigizaji mzaliwa wa Trinidad, alilieneza neno hilo kwa sauti yake nzito kwenye televisheni. Mwaka 1987 nukta nyekundu iliyomo ndani ya nembo ya soda ilipewa mikono, miguu na miwani ya jua. Huyo ndiye Spot.

Lakini 7 Up ilikuwa na wamiliki wawili. Mwaka 1986 kampuni ya PepsiCo ilikuwa imenunua biashara ya soda hiyo nje ya Marekani, nayo ilimtumia kikaragosi mwingine, Fido Dido, kijana wa mistari michache na nywele zilizosimama, aliyebuniwa na Joanna Ferrone na Susan Rose mwaka 1985. Kwa hiyo Spot alikuwa balozi wa soda katika nchi moja, na ng'ambo alikuwa mgeni asiye na kazi. Sisi wa Afrika Mashariki, ambako 7 Up hujazwa na viwanda vya vinywaji vya PepsiCo, tumo upande huo wa pili wa mpaka. Mgawanyo huu wa kibiashara, ambao hakuna msanii aliyeupanga, ndio uliotupatia jaribio la kihakiki lisilopatikana kwa urahisi.

Raha ya mchezo wenyewe

Cool Spot ni mchezo wa majukwaa, yaani ule ambamo mhusika hukimbia, huruka na kupanda kutoka jukwaa moja hadi jingine huku akikwepa au kuwapiga maadui. Programu yake iliongozwa na David Perry, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, na muziki ni wa Tommy Tallarico. Kila hatua ina ndugu wa Spot aliyefungiwa kizimbani, na mchezaji hana budi kuokota nukta ndogo nyekundu za kutosha kabla ya kumfungua. Masimulizi yanaishia hapo, na hakuna aliyeuliza nani aliwafunga.

Kinachoushika mkono wa mchezaji ni mwili. Spot anatembea kwa maringo. Akisimama muda mrefu bila kuongozwa, anaanza kujishughulisha mwenyewe kama mtu anayesubiri basi. Akining'inia kwenye kamba, uzito wake unaonekana. Katika michezo mingi ya wakati ule mhusika alikuwa alama inayosogezwa, ilhali hapa mchezaji anaona kiumbe chenye tabia, na anaijua tabia hiyo bila kuambiwa neno. Hata kipimo cha uhai hakikuwekwa kama mstari au tarakimu. Pembeni mwa skrini kuna picha ya Spot iliyobandikwa, nayo hubanduka kidogo kidogo kadiri anavyoumia, mpaka ianguke. Mtoto asiyejua kusoma anaelewa mara moja kwamba maisha yanabanduka.

Silaha yake ni viputo vya soda, anavyoweza kuvirusha pande zote, juu, chini na mshazari. Jambo hili linaonekana dogo, lakini linabadilisha namna ya kufikiri ndani ya mchezo. Michezo mingi ya majukwaa ya kizazi kile ilimtaka mchezaji amrukie adui kichwani au amlenge mbele tu, na hivyo kumfundisha kusonga kwa mstari. Spot anamtaka mchezaji aangalie nafasi nzima inayomzunguka, kwa kuwa hatari inaweza kutoka popote naye anaweza kuijibu popote.

Sifa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kipimo cha ulimwengu wake. Spot analingana na kizibo cha chupa. Ufuo wa bahari unakuwa nchi, kaa anakuwa jitu, na sehemu ya ndani ya ukuta wa nyumba, wanamoishi panya, inakuwa mgodi wenye vichochoro. Kuna hatua inayochezwa majini, kati ya vitu vya watoto vinavyoelea, na nyingine kati ya treni za kuchezea. Msomaji wa hadithi za Sungura atatambua ladha hii: mdogo anayeishi kwa wepesi na akili katika ulimwengu uliojengwa kwa ajili ya wakubwa. Tofauti ni kwamba Sungura hudanganya, na Spot hana hila yoyote. Umaskini wake wa kimaadili unatokana na hilo, kwani mtangazaji hamruhusu kikaragosi wake awe mjanja kupita kiasi.

Kasoro zipo. Nusu ya pili inarudia mandhari ya nusu ya kwanza kwa kuyaongezea ugumu tu, na sharti la kuokota nukta humlazimu mchezaji kurudi nyuma kwenye pembe alizokwisha kuzipita huku saa ikimkimbiza. Hizi ni kasoro za kazi ya sanaa, na zinahukumiwa kama tunavyozihukumu sura zinazochosha katika riwaya nzuri.

Matoleo mawili

Katika toleo la Marekani, mchezo unaanza kwa Spot kuteleza juu ya mawimbi akiwa amepanda chupa ya 7 Up. Mchezaji aliyeokota nukta nyingi kupita kiasi kinachotakiwa huingizwa ndani ya chupa, ambako hurushwa na viputo huku akitafuta herufi. Herufi hizo sita huunda neno UNCOLA. Katika toleo la Ulaya chupa haina jina la soda, na herufi sita huunda jina la mchapishaji, VIRGIN. Mengine yote ni yale yale.

Matokeo ya uondoaji huu yanasomeka kwa njia mbili. Ya kwanza inasema kwamba chapa ilikuwa nguo tu: imevuliwa, na mchezo umebaki mzima na wa kufurahisha vilevile, kwa hiyo sanaa ilikuwa huru tangu mwanzo. Usomaji huu una ushahidi, nami naukubali kwa upande mmoja. Raha ya Cool Spot haitokani na soda. Inatokana na kazi ya wachoraji na waandaaji wa programu, na hakuna nembo iliyoweza kuifanya badala yao. Mwendelezo wake, Spot Goes to Hollywood wa mwaka 1995, ulikuwa na kikaragosi yule yule, lakini uliegemea mtazamo wa mshazari unaofanya iwe vigumu kukadiria mruko utaangukia wapi. Nukta ilikuwepo, raha ikapungua.

Njia ya pili inaangalia kilichobaki baada ya jina kuondoka. Viputo vilibaki. Chupa ilibaki. Muhimu zaidi, bilauri za kinywaji ambazo humrudishia Spot uhai wake zilibaki. Katika kanuni za ndani za mchezo, kinywaji chenye viputo ni dawa, ni silaha, na ni makazi ya thawabu. Mchezaji hashawishiwi kwa hoja yoyote. Anatenda, anaumia, anakunywa, anapona, kisha anarudia mara kadhaa. Jina la soda likiwekwa juu ya kanuni hizo, linakuta nyumba imekwisha kujengwa. Likiondolewa, nyumba inabaki ikimsubiri mpangaji.

Naona usomaji wa pili ndio wenye uzito, lakini hauwezi kusimama bila wa kwanza. Kama mchezo ungekuwa mbaya, kanuni hizo zisingerudiwa na mtu yeyote. Yo! Noid ya mwaka 1990 inaonyesha mfano mwingine: Capcom ilichukua mchezo wa Kijapani uliokuwapo na kumvika mhusika wake sura ya kikaragosi wa piza za Domino's. Hapo kweli chapa ni nguo, na mshono unaonekana. Katika Cool Spot hakuna mshono, kwani umbo la mhusika, silaha yake na tiba yake vimetokana na kitu kimoja.

Sheria inayohesabu dakika

Hapa ndipo uhakiki unapokutana na sera. Marekani ilipitisha Sheria ya Televisheni ya Watoto mwaka 1990, miaka mitatu kabla ya mchezo huu. Sheria hiyo iliweka ukomo wa dakika 10.5 za matangazo kwa saa katika vipindi vya watoto mwishoni mwa wiki, na dakika 12 kwa saa katika siku nyingine. Ilikuwa hatua ya maana kwa televisheni. Kwa mchezo wa video haikuwa na la kusema, na sababu si uzembe wa watunga sheria pekee. Dakika ni kipimo cha kitu kinachoanza na kukoma. Katika Cool Spot tangazo halina mwanzo, kwani ndilo kiungo ambacho mchezaji anakitumia kuona na kutenda. Tena mzazi wa Marekani aliulipia mchezo huo kwa pesa yake, tofauti na tangazo la televisheni linaloingia nyumbani bila kununuliwa.

Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 kuhusu utangazaji wa vyakula na vinywaji kwa watoto yalitenganisha mambo mawili: kiwango ambacho watoto hufikiwa na matangazo, na nguvu ya matangazo hayo. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2023 ulikwenda mbele kwa kupendekeza sera za lazima. Kufikiwa kunaweza kuhesabiwa na mtakwimu. Nguvu inahitaji msomaji anayeweza kueleza jinsi kazi inavyofanya kazi, na hiyo ndiyo taaluma yetu. Mshauri wa sera katika nchi zetu, anayeandaa kanuni za michezo ya simu inayochezwa na watoto leo, atajikuta akiandika kifungu kinachokataza nembo na majina ya bidhaa. Toleo la Ulaya la Cool Spot lingepita katika kifungu hicho bila kuguswa, hali bilauri ile ile inamponya mhusika yule yule.

Napendekeza kifungu hicho kiulize pia bidhaa, au mfano wake, inafanya kazi gani ndani ya kanuni za mchezo: je, inaponya, inatuza, inafungua njia? Kwa mchezo wenye sifa hizo tunaweza kutumia istilahi mchezo-tangazo, mradi neno hilo lisigeuzwe kuwa hukumu ya ubora. Cool Spot ni mchezo-tangazo, tena mzuri kuliko michezo mingi isiyo na mwagizaji.

Linabaki suala la utaratibu. Vyombo vya ukaguzi huelekea kuitathmini kazi kwa kuangalia sehemu yake ya mwanzo. Katika toleo la Marekani la mchezo huu, anayeangalia ufunguzi ataona chupa na nembo, na anaweza kudhani amemaliza. Neno Uncola, lililotungwa wakati wazazi wa wachezaji wa 1993 walipokuwa wenyewe watoto au vijana, haliko pale. Limegawanywa herufi moja moja katika hatua za ziada ambazo hufikiwa na yule tu aliyecheza kwa bidii, akaokota zaidi ya alichotakiwa. Mkaguzi asiyeucheza mchezo vizuri hatalikuta.